Siku Tuliyomzika Karani

Siku tuliyomzika Karani tulikuwa wanne: mimi niliyekuwa mkubwa, Nafula anayenifuata, kitinda mimba wetu Simiyu, na Kukhu, bibi yetu aliyekuja Kitale kutoka Matulo kwa matanga ya Mama na bado hakuwa amerudi kwake. Karani alikuwa kobe.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka, enzi hizo hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Baba alimleta Karani kutoka Webuye, alikofanya kazi kiwandani, amemfunga ndani ya koti lake la kazi. Alimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi kobe yule alitoka amenyoosha shingo kama mtu anayekwenda ofisini, na kufikia saa nne alikuwa amekwisha lala. Tulimlisha maganda ya ndizi, majani ya maboga na sukuma iliyonyauka. Tulimkalia mgongoni kwa zamu, hata Mama alipotukataza: "Huyo si kiti. Huyo ni mgeni wa baba yenu." Baba alipofariki, Mama akaanza kumwita mgeni wetu.

Kisha Mama naye akaenda, mwezi wa kwanza, kiangazi kimekaza, vumbi la mashamba yaliyovunwa likiingia hadi kwenye sufuria. Tulimzika kando ya migomba. Katika shughuli zile hakuna aliyemkumbuka Karani. Wiki mbili baadaye Nafula alimkuta chini ya rundo la mabua ya mahindi, amejivuta ndani ya gamba, mzito kama jiwe. Tulimgonga, tukamwekea maji, tukamsubiri siku tatu. Hakutoa hata ukucha. Nikasema amekufa kwa njaa na kosa ni letu. Tulimchimbia shimo dogo, hatua chache kutoka kwa Mama. Simiyu, aliyekuwa na miaka minne, alitaka tumwimbie wimbo uleule walioimba watu wa kanisa. Tukaimba. Kukhu alisimama nasi mpaka mwisho, na hakucheka.

Muhula ule sikurudi shule. Nilikuwa darasa la saba. Hakuna aliyeniambia niache. Ni kwamba asubuhi mtu alipaswa kupika uji, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa tatu. Kesho yake Simiyu aliingia jikoni mbio, matope mpaka magotini. Tukamfuata. Karani alikuwa juu ya kaburi lake mwenyewe, udongo mgongoni, anatafuna jani. Tulicheka, jamani. Tulikuwa hatujacheka tangu Mama alazwe. Kukhu akasema kumbe Karani alikwenda likizo tu.

Nilipogeuka, Simiyu hakuwapo. Nilimkuta migombani, amekaa kando ya kaburi la Mama, leso ya Mama mapajani, patipati alizokuwa akivaa Mama miguuni zimepangwa vizuri, zimeelekezwa nyumbani.

"Na Mama anatoka saa ngapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilichopata mdomoni ni hiki: "Mama yuko chini sana. Mvua haijamfikia."

Alikubali. Akaniomba nimsaidie kubeba patipati zisilowe.

Miaka miwili, kila iliponyesha, alitoka na leso ile. Mwaka wa tatu hakutoka. Hakuuliza kitu, nami sikumwambia.

Karani yupo mpaka leo. Kiangazi kilichopita alijichimbia tena, na binti yangu, ambaye hawezi kuchemsha chai bila kuuliza simu, akaiuliza simu. Ikamjibu papo hapo kwamba kobe hujificha wakati wa ukame. "Si analala tu, Mama," akanituliza, kisha akapiga picha ule udongo. Watoto wa siku hizi hawawezi kumzika kobe akiwa hai. Sisi tulikuwa na Kukhu, ambaye hakuwahi kufuga kobe, na tulikuwa na mimi.

Simiyu sasa ni mwalimu huko Bungoma, ana ndevu. Chakula nilimpa, na shule niliyoiacha nilihakikisha yeye ameimaliza. Kila mvua ya kwanza hunipigia simu. "Dada, huko Kitale imenyesha?" Namwambia imenyesha, Karani ametoka. Huuliza, "Ni Karani tu?" kana kwamba kuna jina lingine anangoja nilitaje, kisha huniuliza habari za mahindi. Namweleza ya mahindi. Jibu la kweli la swali lile la migombani bado ni deni langu kwake.