Ng'ombe Asiye na Nundu

Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, maduka ya Somanda yamejaa wanasesere wa plastiki. Juzi nilikuwa kaunta nikimchagulia mmoja binti yangu wa miaka minne, ambaye hajacheza tangu tumzike mama yake. Mama mmoja wa kijiji cha Sapiwi, aliyefuata chumvi, akanigusa kiwiko.

"Baba, huyo atamtazama tu. Mpe udongo afinyange ng'ombe."

"Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, lakini kufinyanga sijui."

"Ndiyo vizuri. Kazi atafanya yeye."

Nyumbani nililowesha udongo, nikaunda ng'ombe. Binti alimtazama kwa muda, kisha akaninyang'anya.

"Baba, huyu hana nundu."

Akambandika nundu, akaanza kujenga zizi. Chuo kikuu hawakutufundisha habari za nundu, nami nawashukuru: ningemweka nundu mwenyewe, binti angemtazama tu.