Sayari Nane na Ngazi Moja

Fundi Dari hakujitolea kwenda kupamba darasa. Alitolewa na binti yake wa miaka kumi, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Baba, darasa letu lina siku ya anga za juu. Wazazi wanakuja kusaidia. Nimemwambia mwalimu wewe utatundika sayari zote."

"Si ungeniuliza kwanza, mama?"

"Kwani si ndiyo kazi yako?"

Kufunga dari ilikuwa kazi yake kweli, kwa miaka kumi na saba. Lakini miezi minane nyuma, katika ukumbi wa ofisi moja, ubao wa jukwaa la kupandia uliteleza na mwenzake waliyemwita Mrefu akaanguka. Walikuwa wamesimama bega kwa bega, kila mmoja kwenye ubao wake, mikono juu, wameinua bodi moja ya dari. Ghafla bodi ikawa nzito, na Fundi Dari akajikuta ameishika peke yake. Mrefu alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembelea magongo. Kamba ya ubao ule aliifunga Fundi Dari kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Hata kwenda kumjulia hali mwenzake alishindwa.

Tangu hapo, akipanda ngazi, mikono inakataa kuiachia. Kazini akawa mtu wa visingizio: leo mgongo, kesho kizunguzungu, keshokutwa "pandeni nyie, mimi nipime." Mkewe alishtukia pale taa ya jikoni ilipoungua ikakaa wiki tatu, mpaka akapanda kiti akaibadilisha mwenyewe.

Siku ilipofika, Fundi Dari alikuta madawati yamesukumwa ukutani na madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Mama mmoja mshonaji, aliyeitwa Mama Pacha, alikuwa anamalizia pindo la pazia. Mwenye duka la vifaa alikuwa amekaa sakafuni akikata nyota za karatasi, na kila nyota yake ilitoka na pembe nne.

"Hiyo ni nyota au kiraka?" Mama Pacha akamuuliza.

Sayari zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya mwalimu, nane, zimetengenezwa kwa maputo yaliyobandikwa magazeti na kupakwa rangi. Kando yake ilisimama ngazi ya mbao.

"Karibu, fundi," alisema mwalimu. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Watoto waliingia wakaketi chini. Chiriku alikuwa anamnong'oneza kila aliyekaa karibu naye, akionyesha kidole kwa baba yake.

Fundi Dari akachukua Mshtarii, sayari iliyokuwa kubwa kuliko zote. Akapanda daraja la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne ilibidi aachie ngazi na kuinua mikono yote miwili. Akainua. Ngazi ikalia kidogo, na mwili wake ukakataa. Akaikumbatia ngazi kwa nguvu, Mshtarii ikaanguka, ikabonyea ubavu na kubingirika hadi kwenye miguu ya watoto.

Darasa zima likacheka.

"Fundi gani huyu anaogopa ngazi?" mtoto mmoja akapaza sauti.

Fundi Dari hakuweza kupanda wala kushuka. Ndipo akahisi mkono umemshika kifundo cha mguu.

"Mguu wa kulia kwanza, baba," alisema Mama Pacha taratibu. "Nimekushika. Haya, na wa pili."

Akashuka hivyo, kama mtoto anayefundishwa kutembea. Mama Pacha akavua viatu, akapanda mwenyewe. Fundi Dari akaishika ile ngazi kwa mikono miwili, na hakuiachia mpaka sayari ya mwisho iliponing'inia. Chiriku hakugeuka kumtazama hata mara moja.

Mchana Fundi Dari na Chiriku waliondoka pamoja kurudi nyumbani. Walipofika nje ya ukuta wa shule, mtoto akasimama.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Nilinyamaza."

"Si ni yale yale?"

Baba yake akaketi kwenye ukingo wa mtaro akamweleza yote, hata habari ya kamba. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mjomba Mrefu atakuwa anadhani umemsahau."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko cha darasa zima. Kesho yake alimweleza mkubwa wake wa kazi kwamba anaogopa kupanda.

"Miezi minane, fundi! Na mimi kila siku nakupanga juu?" Mkubwa alikasirika, kisha akamshusha kwenye kukata bodi. Sasa aliowafundisha ndio wanaompigia kelele za vipimo kutoka juu, naye anakata.

Jumapili akaenda kwa Mrefu. Alikuta mlango uko wazi, mwenzake amekaa kitini, magongo ukutani. Akaongea akiwa amesimama.

"Ile kamba niliifunga mimi."

Mrefu akamtazama usoni. "Najua. Nilikuwa nangoja uje uniambie. Nikangoja, nikachoka." Akageuza uso dirishani. "Leo nenda tu, ndugu yangu."

Fundi Dari aliondoka. Jumapili iliyofuata akarudi. Mrefu hakumkaribisha, lakini alimsukumia kiti.