Ua la Awadhi na Kompyuta Isiyo na Windows

Muhidini wa Mazingara hakuwahi kumwachia fundi kitu chake akaondoka. Redio ikiharibika, alikaa kwenye benchi mpaka kifuniko kirudishwe, asije akatolewa kifaa kizima akawekewa kilichochoka. Kwa kuwa alikuwa mtu wa aibu, hakumtuhumu mtu kwa mdomo. Alikaa tu, akaangalia mikono.

Kwa hiyo siku aliyoipeleka kompyuta yake Korogwe, kwa Loyce, fundi mwenye kibanda karibu na stendi, alivuta kigoda akakisogeza hadi ubavuni mwa meza.

"Shikamoo, mzee. Kazi ni ndefu. Nenda sokoni, nitakupigia simu."

"Marahaba. Nipo tu, sina haraka."

Kazi ya Muhidini ilikuwa kudarizi kanzu. Mchoro ulikaa kwenye kompyuta, ukahamia kwenye flashi, flashi ikachomekwa kwenye mashine, mashine ikadarizi. Michoro ilikuwa mingi, lakini watu wa Handeni mpaka Kwamndolwa walimfuata kwa mmoja: ua lililopanda kifuani kama mmea utambaao na kujikunja shingoni. Kaka yake, marehemu Awadhi, ndiye aliyelichora. Halikuwepo kwenye karatasi wala kwa mtu mwingine. Hashim, fundi wa Handeni mjini, alishatuma watu wamnunulie kanzu zenye ua hilo ili aliige kwa macho, likamtoka kama majani yaliyopigwa na jua. Alichokosa ni mchoro wenyewe. Tangu hapo Muhidini alimwona kila mwenye kompyuta kuwa ametumwa na Hashim.

Loyce aliwasha ile kompyuta, akaisubiri, akatikisa kichwa.

"Imezeeka, mzee. Windows mpya haitaibeba, na hii ya zamani imejaa virusi. Nitakuwekea Linux. Ni nyepesi, na hailipiwi."

Neno la mwisho lilimkaa Muhidini vibaya. Kitu kisicholipiwa, aliyekitengeneza anakula nini?

"Sasa humu ndani kuna kitu cha muhimu?" Loyce aliuliza. "Nikianza nafuta kila kitu."

Muhidini alijibu kama anavyojibu abiria anayeulizwa kilichomo kwenye mfuko wake.

"Hamna kitu humo."

"Hamna kabisa? Kazi zako, programu zako?"

"Hamna, mwanangu."

Mchoro alishaunakili kwenye flashi, na flashi ilikuwa ndani ya soksi ya mguu wa kushoto. Sahani ya CD yenye programu ya kudarizi alikuwa nayo mfukoni. Aliona amejilinda vya kutosha.

Loyce akafuta. Adhuhuri ilipopita, kioo kilionyesha picha ya mlima ambayo Muhidini hajawahi kuiona. Kona ya chini alipozoea kubonyeza hapakuwa na kile kidirisha.

"Windows yangu umeiweka wapi?"

"Nimeifuta, si nilikwambia?"

"Ukiifuta inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mzee. Imefutika."

Hilo hakuliamini. Kitu hakiwezi kutoka kwenye nyumba kisionekane kikipita mlangoni. Lakini alitoa sahani, akaiweka mezani kwa vidole viwili.

"Basi niwekee hii."

Loyce aliigeuza, akaisoma, kisha akamtazama.

"Hii ni ya Windows. Mzee, ungesema mapema! Ningeiacha Windows pembeni, zikakaa zote mbili. Sasa tujaribu, ila siahidi. Kuna programu inaitwa Wine. Inazizuga programu za Windows, zinadhani ziko kwao."

"Kama inazuga programu, mimi itashindwa kunizuga?"

Loyce alicheka peke yake. Kwenye kioo kikajitokeza kialama cha glasi yenye kitu chekundu.

"Hiyo ni pombe," Muhidini alisema polepole.

"Ni alama tu."

"Kanzu za watu zipitie hapo?"

"Haimwagiki, mzee."

Programu ilikubali. Ilifunguka na vitufe vyake vyote, maandishi yakiwa yamepinda kidogo. Kilichobaki ni ua. Isipolifungua programu hii, hakuna nyingine ya kulifungua, na Awadhi hayupo wa kulichora upya.

"Geukia ukutani kidogo," Muhidini alisema.

"Nigeuke?"

"Nina jambo langu."

Loyce aligeuka, mikono kiunoni. Muhidini alivua kiatu, akatoa flashi, akaichomeka. Ndani ya programu akaitafuta mahali pake pa siku zote, penye herufi E. Hapakuwa na E. Kulikuwa na C, na chini kabisa Z, herufi ambayo hakuwahi kuiona pale. Alichomoa, akafuta jasho la soksi, akachomeka tena. Hakuna. Alihisi mashine imelimeza ua mbele ya macho yake, na mtu pekee wa kuuliza ni yule aliyemwambia ageukie ukutani.



"Fundi," alisema, sauti imeshuka. "Geuka. Njoo uone."

Loyce alivuta kiti. Hakuuliza kwa nini flashi ina joto. "Huku flashi haina herufi yake. Ingia kwenye Z, halafu hapa, halafu hapa." Akabonyeza, na ua likapanda kioo kizima, jani kwa jani.

"Limekaa vizuri," Loyce alisema.

Muhidini alilifunika kwa kiganja, akaomba aonyeshwe kwamba hakuna nakala iliyobaki kwenye kompyuta. Akaonyeshwa. Hakujua alichoonyeshwa ni nini, ila aliitikia kwa kichwa.

Nyumbani ua lilidarizika kama zamani. Hata hivyo, siku hizi akifuata nyuzi Korogwe huchagua Ijumaa, aswali huko huko.

"Unakwenda kuswali au kukagua vifua vya watu?" mkewe Mashavu alimuuliza.

"Naswali kwanza."

Ijumaa iliyopita aliliona. Mtu mnene asiyemfahamu, ua kifuani, anatoka msikitini. Muhidini alimfuata mpaka kwenye viatu, akainama kama anayetafuta kandambili, akalitazama kwa karibu. Ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe, ya miaka mingi, imefifia kwa kufuliwa. Alimpa yule bwana mkono, akamwomba radhi bila kusema ya nini, akaenda zake kununua nyuzi.