Gari Lililokata Moto Jumapili

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kwikwi. Sisemi kwikwi hizi za kunywa maji zikakoma. Ya kwake ilikuja kanisani tu, kule kwetu Makete, mchungaji akishafumba macho kuomba. Kanisa zima kimya, halafu babu: hik! Wazee wa kanisa wakasema ni ulanzi, ile pombe ya mianzi. Bibi, ambaye kila kikombe cha ulanzi kilichopita mlangoni kwake alikijua, akasema si ulanzi, mpelekeni akaonwe.

Nikatumwa nimsindikize zahanati ya misheni, kupanda na kushuka milima, na siku hiyo kwikwi ikaamua kutusindikiza njia nzima. Tulipomwona muuguzi tu, kwisha. Muuguzi akamsikiliza kifua, akampapasa tumbo, akasema, "Mzee, wewe mzima kuliko mimi." Tukageuza. Kwenye kona ya kwanza, penye mianzi, hik! Babu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Akasema, "Kumbe ilibaki hapa kunisubiri."

Sijui kama alipona. Siku anakufa nilikuwa nimeshahamia Makambako, najifunza waya za magari. Shule yangu ilikuwa fupi, na haya ninayoandika mtanisamehe yakienda kombo, maana hata nikisimulia kwa mdomo watu huniambia rudi barabarani. Haya, narudi.

Gari lenye waya mbovu lina tabia ya babu. Likiwa peke yake na mwenyewe linaugua, likimwona fundi linapona. Fundi yeyote wa waya atakwambia afadhali gari lililokufa kabisa, hilo halikudanganyi.

Nililopata mimi lilikuwa la mama mmoja mjane wa Mjimwema, pale Njombe. Gari la zamani hasa, lenye taa za duara na usukani mkubwa kama ungo, rangi ya maziwa. Marehemu mumewe alilinunua wakiwa vijana, akamfundisha mkewe kuliendesha, na mama yule mpaka leo analiendesha mwenyewe, kilemba kichwani, bodaboda wakimpisha na kumpigia saluti. Tatizo, lilikuwa linakata moto. Taa nyekundu ya dashibodi inapepesa, gari linakohoa, linazima. Akikaa kidogo akawasha tena, linakwenda kama halikufanya kitu.

Siku moja lilimzimia kwenye mteremko na lori la mbao liko nyuma yake. Lori lilimkosa kidogo tu. Habari zikamfikia mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Dodoma, akapanda basi siku ileile. Nilipoitwa kulitazama gari, nilimkuta pale uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba."

"Mzee wangu, mimi na hili gari hatuna ugomvi. Nimelelewa humo ndani. Lakini simu ikilia sasa hivi nashtuka, nasema ndiyo hiyo, mama kapondwa." Akasema Makambako kuna mtu anakodisha magari ya zamani ya kubebea maharusi, analitaka. "Pasaka nakuja. Nitalipanda na mama mpaka Makambako. Likikata moto hata mara moja, linabaki huko huko."

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. Alisema tu, "Umesikia fundi."

Nikaanza. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikasafisha platini, nikafuata waya mmoja mmoja na tasta ya kupimia umeme kama mtu anayetafuta chawa. Kila nikija gari zima. Naondoka, wiki inayofuata napigiwa simu: limezima tena. Mara nikaona nilipeleke Makambako kwa fundi mwenzangu. Lilikwenda njia nzima bila hata kukwaruza koo. Mwenzangu akazunguka nalo mara mbili, akashuka.

"Mgonjwa gani huyu umeniletea? Anakula, anacheka."

"Subiri tu."

"Tusubiri nini, lizeeke? Lishazeeka. Na hilo koti nalo? Tangu lini plagi zinafunguliwa kwa koti la kanisani?"

Nilimwambia Njombe baridi. Ni kweli Njombe baridi. Lakini koti la kazini lilikuwepo, na lile lingine nilikuwa nalipiga pasi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia miaka mingi, na nyumba yangu ilizoea sauti ya redio tu. Kule Mjimwema nilipewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, nikaulizwa mgongo unaendeleaje. Mtu akikuuliza hali ya mgongo wako na akasubiri jibu, unajikuta unapiga pasi.

Sasa, kwaresima ikiwa ukingoni, mama alitamka neno ambalo nilipaswa kuliuliza tangu mwanzo. Alisema, "Jumapili ndipo linaniaibisha zaidi." Nikamkumbuka babu. Na mimi nilikuwa naenda Jumatatu, Jumanne, siku za kazi! Nikasema safari hii naenda Jumamosi, nalala kwa binamu yangu Ramadhani, palepale Njombe, asubuhi nilipande na mama kwenda ibadani.

Jumamosi hiyo alasiri nilipita kumsalimu. Ukungu ulikuwa umeshashuka juu ya miparachichi. Nikamkuta anaanua blanketi kwenye kamba.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Hilo la wapi?"

"La gari." Akafungua boneti, akalitandaza juu ya injini, akachomekea pembeni kama anayemlaza mtoto. "Mbona unashangaa? Hata wewe umevaa koti."

Sikushangaa blanketi. Njombe nani asiyefunika injini? Nimewashauri watu wengi mimi mwenyewe, hasa miezi ya Juni na Julai. Nilishangaa mkono wangu, maana nililigusa na lilikuwa bichi. Alikuwa analifua kila Jumamosi, analianika, na kwa ukungu ule lilikuwa linakauka nusu. Jua likiwaka, Jumapili gari zima. Ukungu ukishuka, gari linaugua.

Nikaaga, nikihofia kusema jambo sijaliona. Asubuhi tukatoka. Hatujafika mbali, taa ikapepesa, gari likakohoa, likazima. Mama akaniangalia kama mzazi ambaye mtoto wake kasema uongo mbele ya wageni. Nikaruka nje, sikulipa nafasi ya kupoa wala kukauka, nikachomoa kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi. Ndani kilikuwa na jasho kama mfuniko wa sufuria. Nikakifuta na leso, nikarudisha, akawasha. Likaunguruma.

"Ni nini?" akauliza.

"Unyevu, mama. Blanketi. Joto la injini linakausha kabla sijafika, ndiyo maana silioni."

Akaushika usukani kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ni mimi ninayelizima."

"Ni ukungu."

"Usinidanganye, mimi mtu mzima." Kisha akasema lilikuwa blanketi la mumewe, la miezi ile ya kuugua kifua. Alikuwa akilifua kila Jumamosi ili Jumapili mchungaji akija kumwombea amkute kwenye blanketi safi. "Alipokufa sikujua Jumamosi nifanye nini."

Kengele ya pili ilikuwa inalia. Nikamwambia aendelee kulifua, ila alitandike kwenye kiti, na injini tuifunike kwa gunia kavu. Akafikiri. "Kwenye kiti chake, cha abiria," akasema. "Uzeeni alikuwa anapenda niendeshe mimi."

Pasaka mwanawe akaja. Jumatatu ya Pasaka tukaondoka asubuhi, manyunyu na ukungu hata mbele huoni. Mama kwenye usukani, mwanawe pembeni juu ya blanketi, mimi nyuma na begi la vifaa. Kijana hakuondoa macho kwenye dashibodi. Kwenye kila mlima nilisikia pumzi yake. Malori yalitupita, mashamba ya chai yakatupita, taa nyekundu haikupepesa. Tulipoanza kuona mabati ya Makambako na upepo ukaanza kusukuma milango, kijana akatoa simu.

"Ndugu, unisamehe. Gari haliuzwi." Akasikiliza. "Hapana, siyo bei. Mama bado analitumia."

Mama alikuwa anaangalia barabara, machozi yanashuka mpaka kidevuni na hayafuti, maana mikono yote iko kwenye usukani.

Akasimamisha karibu na njia panda, mimi ndipo kwangu. Mwanawe akashuka kunishika mkono, akaenda kununua maji. Mama akashusha kioo.

"Jumamosi utakuja, fundi?"

"Gari limepona, mama."

"Sijauliza gari."

Nikaona mwanawe anarudi na chupa tatu, moja yangu. Nikaipokea nikashukuru, nikasema safari njema, nikatupia begi begani, nikavuka barabara. Mjimwema sijarudi tena, maana bila gari bovu sikupata ujasiri wa kubisha hodi.