Mwendo wa Baba

Juzi pale Darajani nilimwona kijana anayepeleka vyakula akishuka kwenye vespa yake huku anachechemea. Papo hapo nikaisikia harufu ya mikate ya boflo ya moto.

Baba yangu alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli. Alasiri moja alirudi kazini kwa mara ya kwanza tangu agongwe na gari Michenzani. Mimi, mtoto wa kike mdogo, sikuelezwa kitu. Niliona tu kuwa sasa anaikokota baiskeli, anatembea kwa kuyumba, na kila mlango watu wanasimama kumpa mkono. Nikadhani huo ndio mwendo wa wakubwa. Nikamfuata kichochoroni nikiyumba kama yeye, shingo nimeinua.

"We mtoto, unamkejeli baba'ako?" akafoka jirani yetu, Bi Salma, kutoka barazani.

Baba akageuka, akanitazama mpaka kwenye kandambili, akacheka.

"Mwache, Bi Salma. Ila mwanangu, umekosea mguu. Ni wa kushoto."

Nikabadilisha. Leo najua kila hatua ilivyomuuma. Siku ile tuliumaliza mtaa mzima, sote wawili kwa mguu wa kushoto, na hakuna nyumba iliyokosa mkate.