Miche Iliyozikwa na Sanda Yake

Kinyozi hajamaliza kichwa cha kwanza cha siku, na Bi Kiberiti ameshamtukana mara mbili na kumsalimia mara moja. Salamu imekuja mwisho, kama chumvi iliyosahaulika.

"Toka nje uone ulichofanya," anasema, akitua ndoo ya samadi mlangoni. "Na uje na koleo. Leo utalima."

Kinyozi anatoka, kitana kikiwa bado mkononi. Nyuma yake mteja amebaki kwenye kiti cha kuzunguka, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili bado ni msitu. Anakizungusha kiti taratibu mpaka anaelekea mlangoni. Tamasha la bure halikosi watazamaji.

Chini ya dirisha la duka kuna tuta la maua lenye ukubwa wa mlango uliolazwa. Petunia zimelala chali. Zinia zimesimama, lakini kwa namna ya mtu anayesimama kwa sababu hajapata pa kuangukia. Majani ni ya njano, mashina yamelainika, na udongo unateleza kwa maji. Bi Kiberiti anainama, anachota udongo kidogo, ananusa.

"Sabuni," anasema. Kisha ananyanyuka polepole, na wanaomfahamu wanajua kwamba anaponyanyuka polepole ni heri uwe umeshavaa viatu.

Anaotesha na kuuza miche ya maua ya msimu, yale yanayoota, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya mwaka mmoja. Banda lake liko kwenye kona, hatua chache kutoka kwa kinyozi. Jina la Kiberiti alipewa na majirani, kwa kuwa hahitaji kusuguliwa mara mbili.

Safari hii amesuguliwa vya kutosha. Wiki iliyopita kinyozi, ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu, aliyatazama maua yake ya kwanza yakifa, akachukua simu na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la mtaa: "Jamani, yule mama wa miche pale kona anauza maiti. Nimepanda, nimemwagilia, yote chali. Msipeleke hela yenu pale."

Ujumbe ukapata miguu. Fundi cherehani akausambaza kwenye kundi la wazazi wa shule. Mwenye duka la nafaka akaongezea vicheko. Hakuna hata mmoja kati yao, na wote hupita mbele ya banda kila siku, aliyesimama kuuliza, "Mama, kuna nini?" Mtu anaweza kulimwagilia jina lake miaka kumi na saba, mwenzake akaling'oa kwa kidole gumba huku amekaa chooni.

Kabla ya hapo, siku nzuri ilimwondolea miche arobaini. Wiki ile yote aliuza minne, na miwili kati ya hiyo alinunua dada yake kwa huruma.

"Huruma ya dada ndiyo iliyonichoma zaidi," ananiambia, daftari langu likiwa wazi. "Yeye hata kibaraza hana. Anaishi ghorofa ya tatu. Ataipanda wapi, kwenye sufuria ya chai?"

Maua hakuyajia kwa mapenzi. Alikuwa mfagizi kwenye jengo la ofisi, na kila msimu ulipokwisha aliamriwa kung'oa maua yote ya mbele na kuyatupa, jongoo na mti wake. Akawa anavitia vichwa vikavu vya maua mfukoni mwa aproni. Kazi ya ufagizi ilipokwisha, alikuwa na mifuko mitatu ya mbegu na binti wa kulea. Binti huyo sasa anasomea uuguzi. Ada inatoka kwenye zinia.

Ndiyo maana amekuja na ndoo ya samadi badala ya matusi matupu. Jina lake likifa hapo kwenye tuta, binti anarudi nyumbani.

"Unamwagilia nini hapa?" anamuuliza kinyozi.

"Maji, mama."

"Maji gani?"

Kinyozi anakuna kidevu. Kweli inatoka kidogo kidogo, kama haja ya mtoto mwenye aibu. Kila mteja akishaoshwa kichwa, beseni linakuja dirishani na kumwagwa kwenye tuta. Povu, dawa ya nywele, vipande vya nywele, vyote.

"Kwa hiyo Jumamosi, vichwa vikiwa ishirini, maua yanakunywa mara ishirini?"

"Nilidhani yanafurahi."

"Na Jumatatu ukifunga duka?"

"Jumatatu... yanapumzika."

"Yanapumzika!" Bi Kiberiti anawageukia wapita njia, ambao sasa wamepunguza mwendo bila kutaka kuonekana wamepunguza. "Jumamosi anayazamisha, Jumatatu anayakausha, halafu anakwenda kwenye simu kusema mimi nauza maiti! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huyu amenisingizia mimi!"

Watu wanacheka. Mteja wa nusu kichwa anacheka kuliko wote, na angekuwa na busara asingecheka, kwa kuwa mwenye wembe ni yule anayechekwa.

Bi Kiberiti anapiga magoti, anazungushia vidole kwenye shina la zinia moja na kuivuta. Inatoka kirahisi mno. Inatoka na udongo wake wote, mviringo, mweusi, unaong'aa. Anaugeuzageuza mkononi. Kisha anang'oa ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zimevaa nguo ileile.

Ni kiriba, ule mfuko mweusi wa nailoni ambamo mche hukulia bandani. Kinyozi ameyapanda maua yote na mifuko yake. Ndani, maji ya sabuni yamejaa kama kwenye kikombe, na mizizi imejizungusha ikitafuta njia ya kutoka mpaka imeoza.

"Umepanda nailoni," anasema Bi Kiberiti. Sauti imeshuka, jambo ambalo linatisha zaidi. "Wewe mtoto, umepanda nailoni. Mama yako alikufunga nguo za uchanga mpaka ukaota ndevu?"

Hapo kinyozi naye anawaka.

"Ulinikataza mwenyewe! Nilisimama pale kwenye banda lako, ukaninyooshea kidole, ukasema: 'Usiisumbue mizizi hata kidogo.' Sasa nailoni nitaichana vipi bila kuisumbua mizizi? Nikasema huyu ndiye mjuzi. Nikatii. Nimetii mpaka maua yamekufa!"

"Mimi nilisema hivyo?"

"Kwa kidole hikihiki."

Kutoka ndani ya duka sauti ya mteja wa nusu kichwa inasikika, safari hii bila kicheko. "Hata mimi uliniambia hivyohivyo, bi mkubwa. Mwaka juzi. Yakafa yote. Mke wangu akasema nina mkono mbaya, nisiguse kitu tena."

Bi Kiberiti anatazama kiriba mkononi. Anayemjua anasubiri alipuke, lakini njiti haiwaki. Anakaa chini, palepale kwenye udongo wa sabuni, kanga na yote.

"Kila mtu nimemwambia hivyo," anasema. "Kila mtu. Nilimaanisha chaneni taratibu, mkiweke kidonge cha udongo kama kilivyo. Nani asiyejua kwamba mfuko hutolewa? Ndivyo nilivyokuwa nawaza. Nani asiyejua." Anakikunja kiriba mpaka kinalia. "Watu wangapi wameizika miche yangu na sanda yake? Wakarudi nyumbani wakajiona wana mkono mbaya. Nami nikawacheka."

Hasira haikumtoka. Iligeuka tu upande, kama upepo.

"Simama," akamwambia kinyozi. "Tunaanza."

Asubuhi ile walichimba tuta mpaka kina cha mpini wa koleo. Walitoa vigae, kokoto na mabonge ya saruji yaliyoachwa na wajenzi, maana chini ya dirisha ndipo zege lilipokuwa likichanganywa. Udongo uliolowa povu ulitupwa nje. Waliingiza mpya pamoja na samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu. "Ikinuka bado ni moto, itaunguza mizizi," alisema. Mteja alikuja kusaidia kubeba ndoo, taulo shingoni, kichwa kikiwa bado cha nchi mbili.

Miche saba ilikutwa na mizizi michache myeupe, iliyo hai bado. Bi Kiberiti aliiokoa, akaongeza mingine kutoka bandani, akamchanisha kinyozi kila kiriba kwa wembe wake mwenyewe, toka juu hadi chini, kisha kuuvua mfuko kama anamvua mgonjwa shati. Baada ya hapo akamfundisha kumwagilia: maji safi, asubuhi, kwenye shina, si kwenye majani. "Tia kidole kwanza. Kikitoka na udongo, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia. Usihesabu vichwa vya watu, hesabu kidole chako."

Kisha akatoa mkasi na kukata kila ua na kila ncha.

Kinyozi alipiga kelele iliyomtoa fundi cherehani nje. "Mama! Ndiyo haya tu yaliyobaki!"

"Wewe unashinda unakata vichwa, leo unaogopa?"

"Nakata nywele, mama, sikati vichwa!"

"Sikiliza. Ua likishachanua, mmea unaona kazi imekwisha. Unatoa mbegu, unakufa kwa amani. Mimi sitaki ufe kwa amani. Nataka ukasirike. Kata kimoja, utatoa viwili kwa hasira."

Kinyozi alitaka kurekodi ujumbe wa kuomba radhi palepale. Akakatazwa. "Usinisafishe kwa mdomo, mdomo ndio ulionichafua. Nisafishe kwa maua."

Wiki zilipita, na fundi cherehani alitangaza mara kadhaa, bila kuulizwa, kwamba tuta ni vijiti tu. Bi Kiberiti aliendelea kufungua banda, na kila jioni alipita dirishani, akatia kidole, akaondoka bila kusema neno. Kinyozi anasema siku hizo zilikuwa ngumu kuliko za matusi.

Leo huwezi kuiona sehemu ya chini ya dirisha. Zinia nyekundu na za waridi zimesimama mpaka kwenye nondo, petunia zimemwagika juu ya ukingo wa matofali, na kinyozi hatembei tena bila mkasi mfukoni. Ua likisinyaa tu, kichwa chini. Ujumbe wake wa pili, wenye picha, haukusambaa nusu ya ule wa kwanza. Sifa hutembea kwa mguu, masengenyo hupanda pikipiki. Lakini wateja wanarudi, wachache wachache. Fundi cherehani naye alikuja kununua miche kumi akiwa anatazama pembeni.

Je, Bi Kiberiti amemsamehe fundi?

"Nimemuuzia," anajibu.

Sasa bandani kwake hakuna mche unaotoka na nailoni. Anaichana mwenyewe mbele ya mteja na kumwonyesha mizizi, hata mteja akisema anajua. Hasa akisema anajua. Mwenye nusu kichwa, ambaye siku hizi ana kichwa kizima, alipewa miche sita bure na maneno haya: "Mkono wako hauna ubaya. Mdomo wangu ndio ulikuwa mfupi." Mpango wa Bi Kiberiti ni kuviacha viriba kabisa kabla ya msimu ujao na kuotesha kwenye vikombe vya karatasi, avisokote kwa magazeti ya zamani. Mtu asiyejua akivipanda vilevile, karatasi itaoza na mizizi itapita.

Anaponisindikiza barabarani ananiuliza kama kwenye ofisi yetu ya gazeti kuna magazeti yasiyouzwa. Namwambia yapo mengi kuliko tunavyopenda kukiri.

"Niletee," anasema. "Na hili utakaloniandika humo, niletee pia. Nitaanza na hilo."