Dawa Mbili kwa Watoto wa Bondeni

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti wa malaria, nilimwambia mzazi mmoja, "Mama, dawa hii itamponya mwanao." Muuguzi Mkuu akanivuta pembeni.

"Dada, hapa hatuahidi. Tunalinganisha. Tungekuwa tunajua, tungekuja kufanya nini?"

Nilikuwa muuguzi niliyetoka wodi ya watoto Iringa, nikapangiwa kituo cha afya bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na mbu wake. Klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, ilikuwa imeshashindwa. Tulilinganisha SP, dawa iliyokuwa ikitumika wakati ule, na dawa mseto, yaani dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Tulipokea watoto wenye malaria isiyo kali tu: homa ipo, lakini mtoto ananyonya, anakunywa, hana degedege. Mzazi akiridhia, bahati nasibu ndiyo iliyochagua dawa. Mtaalamu wa maabara hakuambiwa nani kapewa ipi, jicho lake lisije likapendelea. Kila wiki tuliwatoboa watoto kidole na kupima damu upya, hata waliokwisha kuchangamka.

Atupele alikuwa mmoja wa waliochangamka. Alipewa SP, homa ikashuka, akarudia ukorofi wake. Siku moja ya kipimo, mama yake akiwa ameshaondoka naye kituoni, mtaalamu wa maabara alininong'oneza kutoka kwenye hadubini: "Atupele, wadudu wa malaria wamerudi kwenye damu yake."

Nyumbani kwao nikaambiwa mama amepeleka mchele soko la Uyole, na mtoto yuko mgongoni. Nikarudi kituoni, Daktari wa Utafiti akanipa dawa mseto na gari. "Mtafute kabla homa haijakutangulia," alisema.

Nilizunguka soko lile lote, nikawakuta kwenye magunia ya mchele. Mtoto alikuwa amelala, shingo ya moto.

"Si mlisema amepona?" mama aliniuliza.

"Homa ilishuka, mama. Wadudu wamerudi."

"Basi ile dawa ya kwanza mlimpa ya nini?"

Sikumzungusha. "Tulidhani bado ina nguvu. Kwake haikutosha. Hii nyingine inawasaidia wengi."

Akamfungua mtoto mgongoni. Tulinunua uji wa maziwa kwa mama lishe, maana dawa ile hufanya kazi vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta. Atupele alimeza huku akilia. Tukarudi nao kituoni kwa dozi zilizobaki, na vipimo vyote vilivyofuata vikatoka safi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikacheka peke yangu.

Watoto ambao SP haikuwaponya walikuwa wengi mno kupuuzwa. Baadaye nchi nzima ikahamia dawa mseto.

Sasa nimestaafu, nakaa Kihesa. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Kyela akichemka. Kipimo kikasema malaria, akapewa dozi ya dawa mseto, nami nikasimamia amalize yote. Zamani ningekesha nikimsikiliza anavyopumua. Safari hii nililala usingizi mzito, nikaamshwa na yeye, akiuliza kama viazi vya jana vimebaki.